Kwa nini Edmonton iliwaachia St. Louis vijana wake wawili? Hesabu ya usajili wa mwaka 2024

Swali: Mwalimu, nimehamia Edmonton kikazi na nimejikuta shabiki wa hoki ya barafuni kama majirani zangu. Mwaka 2024 timu yetu ya hapa, Oilers, walikosa Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, kwa mechi moja tu. Miezi miwili haijaisha, wakawaachia Philip Broberg na Dylan Holloway waende St. Louis Blues, tena bila kupata mchezaji yeyote wa maana badala yao. Kazini kwetu wapo wanaosema uongozi ulilala, na wapo wanaosema haukuwa na la kufanya. Nani mkweli? Na je, Edmonton haiwezi kulipiza?

Jibu: Ndugu yangu, wenzako wa pande zote mbili wanaitazama tarehe isiyo yenyewe. Wanabishania Agosti 20, 2024, siku Oilers walipotangaza kwamba hawatazifikia ofa za mishahara ambazo St. Louis iliwapa vijana hao, ilhali kwa maoni yangu jambo hili liliamuliwa Julai 1, siku soko la wachezaji huru lilipofunguliwa, na chanzo chake kilikuwapo miaka kadhaa kabla ya hapo. Kufikia Agosti uongozi ulikuwa umebakiwa na njia chache, zote zenye maumivu. Hata hivyo, kuwa na njia chache si sawa na kutokuwa na njia, na mbele nitasema ni wapi naona uliteleza.

Kwanza fedha, maana asiyezielewa fedha za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, hawezi kuuelewa usajili wake. Katika mpira wa miguu tuliouzoea, klabu yenye tajiri humfuata mchezaji, hulipa ada ya uhamisho kwa klabu yake, na mambo yakaisha. NHL haina ada ya uhamisho. Timu hubadilishana wachezaji, haki za kuchagua chipukizi katika uteuzi wa kila mwaka, au vyote kwa pamoja. Juu ya hayo upo ukomo wa mishahara, ambao kwa msimu wa 2024-25 ulikuwa dola milioni 88 kwa kila timu, tajiri na maskini, na hakuna faini ambayo mmiliki anaweza kulipa ili aruhusiwe kuuvuka. Kinachoingizwa katika hesabu ya ukomo ni wastani wa mkataba kwa mwaka, hata kama mchezaji analipwa zaidi mwaka mmoja na pungufu mwaka mwingine. Kati ya misimu timu huruhusiwa kuuzidi ukomo kwa asilimia 10, lakini msimu unapoanza lazima hesabu zikae sawa. Kwa hiyo swali la meneja mkuu huwa si kama mwenye timu anazo fedha za kumlipa mchezaji. Huwa ni kama nafasi ipo, na kama nafasi hiyo haihitajiki kwa mtu mwingine miezi miwili baadaye.

Sasa tazama daftari la Edmonton lilivyokuwa. Connor McDavid alihesabiwa dola milioni 12.5, beki Darnell Nurse milioni 9.25, na Leon Draisaitl milioni 8.5. Hao watatu peke yao ni dola milioni 30.25, yaani zaidi ya theluthi moja ya ukomo wote, katika kikosi ambacho kikitimia huwa na wachezaji 23. Silalamikii fedha za McDavid. Mtu aliyemaliza msimu wa 2023-24 akiwa na pasi za mabao 100, kisha akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano ilhali timu yake imefungwa fainali, hata milioni 12.5 ni bei ya kuokota. Kinachoniumiza ni fedha walizohesabiwa watu ambao hawakuwa wakiichezea timu.

Hapa inafaa kutulia kidogo. Kipa Jack Campbell alisajiliwa mwaka 2022 kwa miaka mitano na dola milioni 25, akashindwa kuimudu kazi, na Juni 30, 2024 Edmonton ikauvunja mkataba wake ukiwa umebakiza miaka mitatu. Kanuni ya NHL ni kwamba mchezaji aliyetimiza miaka 26 au zaidi akivunjiwa mkataba hulipwa theluthi mbili ya mshahara uliosalia, na malipo hayo hutandazwa kwa muda ulio mara mbili ya ule uliobaki. Kwa Campbell ilikuwa imebaki mishahara ya dola milioni 13.5, kwa hiyo alitakiwa kulipwa milioni 9 katika miaka sita, yaani milioni 1.5 kila mwaka. Lakini hesabu ya ukomo haifuati malipo hayo moja kwa moja. Katika miaka mitatu ya kwanza hutegemea mshahara aliokuwa apate mwaka husika, ndiyo maana ikawa milioni 1.1 kwa mwaka wa kwanza, milioni 2.3 kwa wa pili, milioni 2.6 kwa wa tatu, na baada ya hapo milioni 1.5 kwa kila mmoja wa miaka mitatu ya mwisho. Unaona jinsi mwaka wa kwanza ulivyo mwepesi na wa tatu ulivyo mzito. Ni deni lililosukumwa mbele kwa makusudi, kwa sababu mwaka wa kushindania kombe ulikuwa ule wa kwanza.

Campbell hakuwa peke yake. Mshambuliaji James Neal alivunjiwa mkataba mwaka 2021, na mwaka 2024-25, wa nne na wa mwisho wa deni lake, alikuwa bado anakula dola 1,916,667. Tena kulikuwa na bonasi ya Connor Brown. Mwaka 2023 alisajiliwa kwa mshahara wa chini kabisa wa ligi, dola 775,000, pamoja na bonasi ya dola 3,225,000 ambayo angeistahili akicheza mechi 10 tu. Alizicheza, na kwa kuwa ukomo wa msimu ule ulikuwa umeshajaa, bonasi ikahamishiwa hesabu za msimu uliofuata. Jumlisha watatu hao upate takriban dola milioni 6.24 ambazo Edmonton ilianza nazo mwaka kabla haijamlipa mtu wa kuingia uwanjani. Iweke namba hiyo akilini, tutaihitaji.

Katika hali hiyo ndipo ikafika Julai 1. Meneja mkuu Ken Holland alikuwa ameondoka siku chache kabla, baada ya mkataba wake kutoongezwa, na shughuli zote ziliendeshwa na Jeff Jackson, mtendaji mkuu wa masuala ya hoki katika klabu, ambaye zamani alikuwa wakala wa McDavid. Jackson alifanya siku moja ambayo wachambuzi wengi waliisifu, nami sitajifanya kuwa sikuwa miongoni mwao. Alimleta Viktor Arvidsson kwa miaka miwili, milioni 4 kwa mwaka. Alimleta Jeff Skinner kwa mwaka mmoja na milioni 3, siku moja tu baada ya Buffalo kuuvunja mkataba wake mkubwa. Skinner alikuwa amecheza mechi 1,006 za msimu wa kawaida bila kuonja mtoano hata mara moja, jambo linalokwambia ni kwa nini alikubali bei hiyo. Alimbakiza Adam Henrique kwa miaka miwili, milioni 3 kwa mwaka, na Mattias Janmark kwa miaka mitatu, milioni 1.45 kwa mwaka. Brown, Corey Perry na kipa wa akiba Calvin Pickard nao walibaki. Waliotoka ni Warren Foegele, aliyekwenda Los Angeles kwa milioni 3.5 kwa miaka mitatu, na beki Vincent Desharnais, aliyekwenda Vancouver. Siku nne baadaye, Julai 5, kiungo kijana Ryan McLeod akapelekwa Buffalo katika mabadilishano yaliyomleta chipukizi Matt Savoie.

Kila mkataba kati ya hiyo, ukiuangalia peke yake, unatetewa. Timu imebakiza mechi moja kutwaa kombe, wachezaji wake wawili wakubwa wako katika umri wa kilele, na wazoefu wenye mabao wanakubali kuja kwa bei nafuu ili wakacheze na McDavid. Tatizo ni kwamba ilipofika mwisho wa wiki ile ya kwanza ya Julai nafasi yote chini ya ukomo ilikuwa imekwisha, na vijana wawili wa timu yenyewe walikuwa hawajatia saini.

Hao ndio Broberg na Holloway. Broberg, beki Msweden aliyechaguliwa wa 8 katika uteuzi wa mwaka 2019, alikuwa ametumia sehemu kubwa ya msimu wa 2023-24 katika timu ndogo ya Bakersfield, kisha akaitwa katikati ya mfululizo dhidi ya Dallas na akabaki kikosini hadi fainali. Holloway, mshambuliaji aliyechaguliwa wa 14 mwaka 2020, alicheza mechi zote 25 za mtoano na kufunga mabao 5. Mikataba yao ya kwanza ilikuwa imekwisha, lakini hawakuwa wachezaji huru kamili. Walikuwa huru wenye masharti, yaani timu yao ilibaki na haki juu yao mradi tu iwape ofa ya kiwango cha chini kilichowekwa na kanuni, na Edmonton ilifanya hivyo. Mchezaji wa aina hii hana nguvu nyingi mezani. Ndiyo maana mameneja wengi wamezoea kumweka kiporo: wanamalizana kwanza na wazoefu, ambao wasiposajiliwa Julai 1 watasajiliwa na wengine, kisha wanamrudia kijana Agosti au hata Septemba, wakijua kwamba hana pa kwenda.

Ila pa kwenda pako. Kanuni inairuhusu timu nyingine kumtilia saini mchezaji huru mwenye masharti kwa bei yoyote wanayokubaliana, na timu yake hupewa siku saba za kuamua kama itaifikia ofa hiyo ileile, bila kupunguza hata senti, au itamwachia na kupokea fidia ya haki za kuchagua chipukizi. Ofa hizi za nje ni chache mno katika historia ya ligi, kwa sehemu kwa sababu mameneja huogopa kulipizana, na kwa sehemu kwa sababu timu karibu zote huifikia ofa. Kabla ya 2024 ya mwisho kufanikiwa ilikuwa ya mwaka 2021, Carolina ilipomchukua Jesperi Kotkaniemi kutoka Montreal. Na kabla ya hiyo, mwaka 2007, waliofaulu walikuwa Edmonton wenyewe: walimpa Dustin Penner miaka mitano na dola milioni 21.25, na Anaheim, iliyokuwa imetwaa kombe chini ya miezi miwili kabla ya hapo, ikashindwa kuifikia. Mkuki huo, ndugu yangu, Oilers walikuwa wameshaurusha. Hawakuwa na sababu ya kushangaa kwamba upo.

Agosti 13, 2024, Doug Armstrong, meneja mkuu wa St. Louis, akapeleka ofa mbili kwa mpigo. Broberg alipewa miaka miwili kwa dola 4,580,917 kila mwaka, na Holloway miaka miwili kwa dola 2,290,457. Namba hizo zinaonekana za ajabu hadi ulijue jedwali la fidia la mwaka ule. Ofa isiyozidi dola 2,290,457 ilidai haki moja ya kuchagua katika raundi ya tatu, na isiyozidi dola 4,580,917 ilidai haki moja katika raundi ya pili. Kila kijana alipewa dola ya mwisho kabisa ya ngazi yake. Armstrong alipima kiasi kikubwa kuliko vyote ambacho angeweza kulipa bila kupandishwa ngazi, akijua kwamba Edmonton ndiyo ingeumia kwa kila dola ya ziada na kwamba yeye hatozwi fidia zaidi. Kwa kuwa fidia hulipwa kwa haki za timu yenyewe tu, zisizokuwa za kununua kwa wengine, na St. Louis ilikuwa imeipa Pittsburgh haki yake ya raundi ya pili ya 2025 mwezi Juni, siku hiyohiyo ya Agosti 13 iliinunua tena. Hiyo si ofa ya kubahatisha. Mtu alikaa na daftari la Edmonton mbele yake akaona hakuna nafasi.

Upande wa pili wa meza alikaa Stan Bowman, aliyetangazwa kuwa meneja mkuu Julai 24 katika uteuzi uliozua mabishano ambayo si ya swali lako. Alikuwa na siku 20 kazini. Mikataba ya Julai haikuwa yake, na vijana waliowekwa kiporo hawakuwekwa na yeye. Ofa ya nje ikishatiwa saini, timu haiwezi kujadiliana upya na mchezaji wala kuuza haki yake kwa timu ya tatu, na ikiifikia ofa hairuhusiwi kumbadilisha mchezaji huyo kwa mwaka mzima. Kwa hiyo Bowman hakuweza kumbakiza Broberg kisha akamuuza kwa faida mwezi Januari. Ilikuwa ndiyo au hapana, kwa kila kijana peke yake.

Kuwabakiza wote wawili kungegharimu dola 6,871,374 kwa mwaka. Sasa rudi kwenye ile namba niliyokuomba uiweke akilini: dola milioni 6.24 za watu wasiocheza. Kisha weka kando yake mishahara ya Skinner na Arvidsson, ambayo jumla yake ni milioni 7. Ama deni la zamani ama wageni wawili wa Julai, kimoja kati ya hivyo kingekaribia kuwalipa vijana wote kwa bei ya St. Louis, na Julai bei ile haikuwapo. Nina hakika kwamba mchezaji aliyetoka kucheza mechi 12 tu za msimu wa kawaida, kama Broberg, asingeweza kudai milioni 4.58 kwa timu yake mwenyewe. Bei hiyo ilizaliwa na kuchelewa.

Agosti 18, siku mbili kabla ya muda kwisha, Bowman alimpeleka beki Cody Ceci San Jose na kumchukua beki kijana Ty Emberson. Ceci alihesabiwa milioni 3.25 na Emberson dola 950,000, kwa hiyo mabadilishano hayo yalipunguza mzigo kwa milioni 2.3 kamili. Linganisha na ofa ya Holloway: dola 2,290,457. Nilipoiona tofauti hiyo niliamini kwamba Holloway anabakizwa na Broberg anaachiwa. Agosti 20 wote wawili wakaachiwa. Edmonton ikapokea haki za raundi ya pili na ya tatu za mwaka 2025, na katika makubaliano ya pembeni siku hiyohiyo St. Louis ikaiongezea beki chipukizi Paul Fischer na haki ya raundi ya tatu ya mwaka 2028.

Hoja ya kuwaachia ilikuwa ya kueleweka. Mkataba wa Draisaitl ulikuwa umebakiza mwaka mmoja, na Septemba 3 alitia saini mpya wa miaka minane na dola milioni 112, yaani milioni 14 kwa mwaka kuanzia 2025-26. Beki Evan Bouchard, aliyekuwa akihesabiwa milioni 3.9, naye alikuwa anakaribia kupandishiwa bei, na nyuma yake alikuwa anakuja McDavid. Meneja anayeziona ongezeko tatu kubwa mbele yake ana haki ya kuogopa kuwalipa wachezaji wa nafasi za chini bei za nafasi za juu. Ikumbukwe pia kwamba takwimu za ukomo wa miaka iliyofuata zilitangazwa Januari 31, 2025, na zilikuwa kubwa: milioni 95.5, kisha milioni 104, kisha milioni 113.5. Katika Agosti 2024 hakuna aliyekuwa na namba hizo mkononi.

Pamoja na hayo yote, kwa Broberg nawaunga mkono na kwa Holloway nawapinga. Broberg alikuwa na uzoefu mdogo, Edmonton ilikuwa na mabeki wa kushoto wawili wenye mikataba mikubwa mbele yake, Nurse na Mattias Ekholm, na milioni 4.58 kwa beki wa jozi ya tatu haitetewi. Holloway ni habari nyingine. Alikuwa na miaka 22, alikuwa na kasi, alikuwa ameonyesha katika mtoano kwamba mwili wake unahimili, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya Skinner. Nafasi ilikuwa imepatikana kwa kumtoa Ceci. Zaidi ya hayo, Evander Kane, aliyehesabiwa dola milioni 5.125, alikuwa majeruhi, na kanuni inairuhusu timu kuuvuka ukomo kufidia nafasi ya majeruhi wa muda mrefu. Kane hakucheza mechi hata moja ya msimu wa kawaida wa 2024-25. Fedha za kumlipa Holloway mwaka ule zingepatikana, na tishio la mwaka wa pili lingeshughulikiwa mwaka wa pili.

Kilichofuata uwanjani hakikuwa na huruma. Holloway alimaliza msimu wa kwanza St. Louis na mabao 26 na pointi 63 (yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja) katika mechi 77. Broberg alipata pointi 29 na akawa beki wa kutegemewa, kwa hiyo hata mimi niliyetetea kumwachia sina la kujivunia sana. Skinner alifunga mabao 16, Arvidsson 15, na ulipofika mtoano Skinner alitumia siku nyingi akiwa nje ya kikosi. McLeod kule Buffalo alipata pointi 53. Majira yaliyofuata Skinner alikwenda San Jose, na Arvidsson akapelekwa Boston kwa haki ya raundi ya tano. Hakuna hata mmoja wa wageni wawili wakubwa wa Julai 1, 2024 aliyebaki.

Hata hivyo usiwaruhusu wanaosema uongozi ulilala wafurahi kupita kiasi. Timu hiyohiyo ilirudi fainali mwaka 2025, ikafungwa tena na Florida, safari hii katika mechi sita. St. Louis ilitolewa raundi ya kwanza na Winnipeg, katika mechi ya saba iliyoamuliwa kwenye muda wa nyongeza wa pili. Ile haki ya raundi ya pili iliyotoka St. Louis haikukaa kabatini pia. Machi 2025 ilitumika kumpata mshambuliaji Trent Frederic kutoka Boston, na Juni Edmonton ikampa Frederic miaka minane kwa milioni 3.85 kila mwaka. Ukiufuata mnyororo huo hadi mwisho, Broberg amegeuka kuwa Frederic, mkubwa zaidi kwa umri na mwenye mkataba mrefu mara nne, na ni mabadilishano ambayo mimi nisingeyafanya.

Unachoweza kukiona katika usajili wa 2025 ni kwamba utaratibu ulibadilika. Bouchard, ambaye naye angekuwa huru mwenye masharti, alimalizwa Juni 30, siku moja kabla soko halijafunguliwa, kwa miaka minne na milioni 10.5 kwa mwaka. Kane alipelekwa Vancouver Juni 25 ili nafasi yake ipatikane mapema. Mbele ya safu akaongezwa Andrew Mangiapane kwa miaka miwili na milioni 3.6 kwa mwaka, lakini nafasi nyingine wakaachiwa vijana walio katika mikataba ya kwanza, Savoie pamoja na Isaac Howard aliyetolewa Tampa Bay mwezi Julai. Mchezaji aliye ndani ya mkataba wake wa kwanza hawezi kupelekewa ofa ya nje. Oktoba 6 McDavid mwenyewe akatia saini miaka miwili tu, kwa milioni 12.5 ileile aliyokuwa akiipata, ilhali angeweza kuomba zaidi sana na akapewa. Ameiachia timu nafasi, na ameiachia muda mfupi wa kuitumia.

Umeniuliza pia juu ya kulipiza. Kikanuni hakuna kinachoizuia Edmonton kumpelekea ofa mchezaji yeyote wa St. Louis aliye huru mwenye masharti, ila fidia lazima itoke katika haki zake yenyewe za uteuzi unaofuata. Majira ya joto ya 2025 ofa iliyozidi dola 4,680,076 ilidai haki ya raundi ya kwanza ya 2026, na Edmonton ilikuwa imeshaiweka rehani haki hiyo San Jose mwezi Machi ili kumpata beki Jake Walman. Kwa mchezaji ambaye angewauma St. Louis kweli, Oilers hawakuwa na cha kulipia.